Fedha isiyo na fedha ndani yake

Juma hili naomba tukae kidogo kwenye baraza ya Bibi mmoja wa Magomeni, hapa Dar es Salaam, aliyeniita nimsaidie kuuza chombo cha muziki. Nilikwenda nikidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua majuma matatu, na nimerudi na jambo la kuwaambia.

Chombo chenyewe ni klarineti. Wengi wenu mmeiona katika bendi za polisi na za jeshi: bomba jembamba lililonyooka, jeusi, lenye vibonyezo vingi vyeupe, linalopulizwa likiwa limeelekezwa chini mbele ya kifua. Lakini hii ya Bibi si nyeusi. Ni ya metali toka juu hadi chini. Mahali ilipofutwa inang'aa, na mahali isipofutwa imefifia kama sufuria la zamani. Ilikuwa mali ya marehemu mumewe, ambaye alipuliza katika bendi ya dansi ya mjini hapa kuelekea mwisho wa ukoloni. Tangu alipofariki imekaa uvunguni mwa kitanda ndani ya sanduku lake. Mapema mwaka huu, masika yalipokaribia, Bibi alizitazama bati za vyumba vya uani zilivyotoboka, akaukumbuka uvungu wa kitanda.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa redio, unajuana na watu. Niuzie kitu hiki. Dalali wa mtaa wa pili ameniambia ni fedha tupu, nisikubali chini ya milioni tatu.”

Milioni tatu, ndugu msikilizaji! Kwa fedha hizo Bibi angeezeka nyumba nzima na chenji ikabaki. Nikafungua sanduku. La kwanza nililoliona ni kwamba mdomo wa kupulizia haupo. La pili, kile kipande kifupi kinachounganisha mdomo na bomba, ambacho mafundi wengine hukiita kipipa, nacho hakipo. La tatu, kibonyezo kimoja cha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika, na mahali pake pamefungwa mpira uliokauka. Pedi, yaani vile vifuniko laini vinavyoziba matundu, zilikuwa zimeliwa na wadudu. Kwenye ule mdomo wa chini uliopanuka kama ua, jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika kwa kufutwafutwa, ila neno moja lilisomeka bado: Boston.

Tulianza na sonara. Aliparuza mahali padogo pasipoonekana, akatia tone la dawa yake, akatikisa kichwa. Juu palikuwa na ngozi nyembamba nyeupe iliyopakwa, na chini yake shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Vibonyezo vyake navyo vilikuwa vya mchanganyiko ambao Wazungu huuita fedha ya Kijerumani. Na hapo ndipo wengi hunaswa. Fedha ya Kijerumani ni shaba, nikeli na zinki. Hakuna hata chembe ya fedha ndani yake. Imepewa jina hilo kwa rangi yake tu.

Bibi aliniuliza swali ambalo lilinifanya nirudi nyumbani kutafuta vitabu. Alisema, “Kama si fedha, kwa nini wakaifanya ifanane na fedha?” Swali hilo, ndugu zangu, lina historia ndefu ndani yake, na sehemu moja ya historia hiyo imetoka huku kwetu.

Klarineti ilizaliwa Ujerumani, katika mji wa Nuremberg, mwanzoni mwa karne ya 18, mikononi mwa fundi aliyeitwa Johann Christoph Denner na wanawe. Ndugu yake wa mbali tunaye pwani yetu, nayo ni zumari, kwa kuwa vyombo vyote viwili hulia kwa mwanzi unaotikiswa na pumzi. Tofauti ni kwamba zumari ina ndimi mbili zinazogusana, na klarineti ina ulimi mmoja. Mwaka 1844, jijini Paris, mwalimu wa chombo hicho aliyeitwa Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walipata hati ya uvumbuzi kwa mpangilio mpya wa vibonyezo, na mpangilio huo ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya dunia mpaka leo.

Hapo mwanzo klarineti nyingi zilichongwa kwa mbao ya manjano ya mti mdogo wa Ulaya. Baadaye, katika karne ya 19, mafundi walipata mbao nyingine, nyeusi, nzito mno, isiyokunywa maji, inayokubali kutobolewa matundu madogo bila kubomoka. Mbao hiyo huzama ikitiwa majini. Mti wake huchukua miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kuvunwa. Je, ni mti gani huo? Ni mpingo. Ni huu huu wa Kilwa, Lindi na Mtwara na wa jirani zetu wa Msumbiji, mti wa wachongaji wetu wa Kimakonde.

Nilipomweleza Bibi jambo hilo, alinitazama kana kwamba namtania. Pembeni yake, kwenye benchi, ilikuwa imeegemezwa fimbo yake ya kutembelea, nyeusi ti, aliyoirithi kwa baba yake. Fimbo ya mpingo. Basi klarineti zile zinazouzwa kwa bei ya gari huko Ulaya zimechongwa kwa mti aliokuwa akiuegemea yeye kila siku, na kile alichodhani ni hazina kilikuwa kimelala uvunguni badala ya mpingo. Alicheka, kisha akanyamaza. Na mimi nilinyamaza.

Sasa kwa nini watu waliouzoea mpingo wakageukia metali? Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Mbao, hata iwe ngumu namna gani, hupasuka ikitolewa kwenye baridi ikatiwa joto, au ikikaushwa ghafla baada ya kulowa kwa pumzi ya mpulizaji. Kwa bendi za jeshi zilizopigia juani na mvuani, ufa mmoja ulitosha kukinyamazisha chombo. Metali haipasuki. Tena haikuwa wazo la kichaa, kwa kuwa sauti ya klarineti haitoki kwenye ukuta wa bomba. Inatoka kwenye hewa iliyomo ndani, na linalotawala zaidi ni umbo la uwazi ule na mahali yalipo matundu. Filimbi ilikuwa imeshapita njia hiyo: Mjerumani Theobald Boehm aliunda ya metali mwaka 1847, na leo ni nadra kuona filimbi ya mbao katika bendi. Saksafoni nayo, aliyoipatia hati Mbelgiji Adolphe Sax mwaka 1846, ilizaliwa ya metali, na hakuna aliyeidharau kwa hilo.

Sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni biashara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza shule za Marekani zilianza kuunda bendi za wanafunzi. Mwaka 1923 yalifanyika mashindano makubwa ya bendi za shule mjini Chicago, na waliotia mkono wao humo ni wenye viwanda vya vyombo vya muziki. Mwaka 1927 ikaja filamu yenye sauti, na wanamuziki waliokuwa wakipiga ndani ya majumba ya sinema wakaanza kupoteza kazi zao. Mwaka 1929 uchumi ukaanguka. Wateja wakubwa wakapungua, na mteja aliyebakia ni mtoto wa shule. Mtoto wa shule huangusha vitu, huvisahau kwenye mvua, na baba yake hana fedha nyingi. Kwa mtoto huyo klarineti ya metali ilifaa sana. Cundy-Bettoney wa Boston, H. N. White wa Cleveland, Conn wa Elkhart, na wengineo, walizitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1920 na 1930. Nyingine hazikuandikwa hata jina la kiwanda, bali jina la duka lililoziagiza.

Si kwamba zote zilikuwa za bei ya chini. Kampuni ya Haynes, ya huko huko Boston, iliyosifika kwa filimbi, ilitengeneza klarineti chache za fedha halisi. Zilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, kwa sababu metali hupoa na kupata joto upesi, na joto likibadilika sauti nayo hupanda au kushuka. Hizo mpaka leo zina wenyewe wanaozitafuta. Lakini ni chache, na fedha halisi huandikwa kwa neno la kuithibitisha. Nyingi mno zilikuwa kama hii ya Bibi: shaba iliyopakwa weupe ili mtoto wa fundi magari ajione naye ameshika kitu cha thamani.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la Bibi. Waliifanya ifanane na fedha kwa sababu walimuuzia mtu asiyekuwa na fedha.

Na kwa sababu hiyo hiyo ikadharauliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ilifika. Haipasuki, ni nyepesi, na kwa macho inafanana na mpingo. Viwanda vikahamia huko, na klarineti za metali zikabaki darini na stoo za shule. Nyingi zilifungwa balbu zikageuzwa taa za mezani. Hebu tulitafakari jambo hilo. Saksafoni ya metali ina heshima, filimbi ya metali ina heshima, lakini klarineti ya metali ikawa taa. Wapo mafundi wanaoshuhudia kwamba zile zilizoundwa vizuri hulia vizuri. Kosa lake ni kwamba ilijulikana kuwa chombo cha wanafunzi na cha wasio nacho, na kitu cha wasio nacho huwa hakipimwi kwa kazi yake.

Ilifikaje Magomeni? Marehemu alimwambia mkewe kwamba aliinunua Nairobi, mkononi mwa mtu, ikiwa imeshatumika. Kwa mwanamuziki wa wakati ule hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mapenzi ya watu wetu kwa bendi yalianza zamani. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni, wakizichukua bendi za Wazungu na kuzifanya zao, na baadaye Marini na Arinoti wakashindana katika miji ya Tanganyika. Kisha likaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Na katika miaka ya 1950 upepo mkali ulivuma kutoka Kongo, ambako kijana wa Brazzaville, Jean Serge Essous, alikuwa akipuliza klarineti na saksafoni katika OK Jazz iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956, na baadaye katika Bantous de la Capitale ya mwaka 1959. Vijana wetu waliisikia klarineti ile redioni, nao wakaitaka. Chombo kipya cha mpingo kutoka Paris hakikuwa cha mfuko wao. Chombo cha metali kilichotumika, kilichotupwa na mwanafunzi wa Marekani, ndicho walichokiweza. Mti ulitoka kwetu ukaenda kwao, na kwetu likarudi bati.

Basi tukaandika tangazo. Niliandika hivi: klarineti ya zamani ya metali, imetengenezwa Marekani, si ya fedha, imepungukiwa mdomo, kipipa na kibonyezo kimoja, pedi zimeoza, kwa sasa hailii. Bibi aliposomewa alikasirika. “Mbona unaiumbua? Wewe unauza au unasuta?”

Nilimweleza kwamba mnunuzi akigundua mwenyewe kipande kilichofichwa, huanza kutilia shaka na vile vilivyopo. Nikamweleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mdomo ndio unaoonekana kuwa pengo kubwa, kumbe ndio mwepesi kupatikana, kwa kuwa midomo ya klarineti ya kawaida hufanana. Kipipa ndicho chenye taabu. Kila kiwanda cha klarineti za metali kilikuwa na kipimo chake, na kipipa cha kiwanda kimoja hakiingii kwenye bomba la kingine. Asiyelitaja hilo amemuuzia mwenzake bomba la maji.

Wakaja watu watatu. Wa kwanza ni wa vyuma chakavu. Aliipima kwa mkono, haifiki kilo moja, akataja elfu kumi. Wa pili ni fundi anayetengeneza tarumbeta za bendi za makanisa. Aliichunguza kwa heshima, akasema hawezi kuifufua, lakini vibonyezo na springi zake zitamfaa kwa kutibu klarineti nyingine aliyo nayo. Alitoa elfu sitini. Wa tatu ni kijana anayepamba mahoteli. Hakuuliza kilichopungua. Alitaka aitie waya na balbu iwe taa. Alitoa laki moja na nusu.

Ndugu msikilizaji, sitaficha kwamba mimi nilikuwa upande wa fundi. Nilimwambia Bibi kwamba kwa fundi, walau vipande vya marehemu vitalia tena ndani ya chombo kingine. Nilizungumza kama ninavyozungumza hapa redioni, kwa madaha yote. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

“Elfu sitini ni bati ngapi, mwanangu?”

“Mbili, Bibi.”

“Na za huyu wa taa?”

“Tano.”

“Basi mwite wa taa. Mume wangu angekuwa hai, ndiye angekuwa wa kwanza kupanda juu ya paa.”

Sikuwa na la kujibu. Mwenye nyumba inayovuja ni yeye. Historia ninayoipenda mimi haikuwa ikilowa usiku. Ni rahisi sana kwetu sisi wenye vipaza sauti kumwambia mtu asiuze urithi wake, ilhali sisi hatuchangii hata msumari.

Lakini nilimwomba jambo moja kabla ya kijana yule kuichukua. Nilimwomba aniruhusu niwashe kinasa sauti. Akakubali. Tukakaa barazani, klarineti magotini mwake, nami nikamuuliza habari ya kila kipande kisichokuwepo.

Akaeleza. Mdomo uliazimwa na mwenzake wa bendi aliyekuwa na safari ya Tabora, akasema ataurudisha Idi ikifika, na Idi zikapita nyingi. Kipipa alikichukua mtoto wao wa pili, aliyekuwa akijifunza kutembea, akakitumbukiza kwenye choo cha shimo, na baba mtu hakumchapa, alikaa tu chini ya mwembe siku nzima. Kibonyezo kilikatika usiku wa dansi. Marehemu alichomoa mpira kwenye bunda la karatasi, akafunga, akapiga mpaka alfajiri. Mpira ule ndio uliokuwepo bado. Akaeleza jinsi alivyokuwa akiloweka mwanzi kwenye glasi ya maji kabla ya kupiga, na jinsi majirani walivyojua saa kwa mazoezi yake. Dakika 40. Kisha akachoka.

Nilipokuwa narudi nilijiuliza: kati ya vyote vilivyopungua kwenye klarineti ile, kipi kilikuwa kikubwa? Sauti ya bendi ile haikuwahi kunaswa popote. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na baadaye, chini ya Radio Tanzania, bendi nyingi zilirekodiwa studio na kanda zake zikatunzwa. Nyingi nyingine, za mitaani, zilipiga, zikalipwa, zikatawanyika. Majina ya wapigaji wake yamo vichwani mwa wajane. Wajane nao wanaondoka.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Wengi huudhani msemo huo ni wa wenye maduka. Mimi naona unawahusu pia wenye masanduku uvunguni. Simwambii mtu asiuze. Mwenye shida auze, tena auze kwa ukweli, aseme kilichopo na kisichopo, na asidanganywe na dalali kwamba kila king'aacho ni fedha. Ila kabla hajauza, achukue daftari la shilingi chache aandike: chombo hiki kilikuwa cha nani, kilipigwa wapi, na akina nani, na kile kilichopotea kilipoteaje. Mjukuu anayejua kuandika yupo katika kila nyumba. Simu yenye kinasa sauti nayo haikosekani.

Bati tano zimeshapigiliwa. Nilipita Magomeni juzi mvua ikinyesha, nikamkuta Bibi ameketi ndani, mkavu, fimbo yake ya mpingo pembeni. Akaniuliza kama ile kanda yake inalia vizuri. Nikamjibu inalia. Akasema, “Basi siku moja nipigie nimsikie.” Nikamkumbusha kwamba kwenye kanda ile hayumo marehemu, yumo yeye. Akasema anajua.